Nimesifia Mwisho wa Kitabu Nisichokisoma

Mpendwa mshauri,

Kwa uzito unaostahili natangaza kwamba ile kadi ya njano iliyobandikwa kwenye rafu ya tatu ya maktaba yetu, yenye maneno "Mwisho wake utakutoa machozi, usikisome mbele ya wageni", niliiandika mimi, nikiwa na akili zangu timamu, bila kukifungua kitabu chenyewe. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi.

Kazi yangu ni kukarabati vitabu, gundi na uzi, ila bosi anataka kila mwezi kila mfanyakazi awapendekezee wasomaji kitabu kimoja na filamu moja, na filamu hazinisumbui maana unatazama huku unakula, lakini kitabu kinataka utulie, basi mwezi ule nikaangalia jalada, nikaona mwanamke na sanduku kwenye kituo cha treni, nikajisemea huyu hawezi kuishia pazuri, nikaandika kadi. Tangu hapo kimeazimwa mara kumi na moja, wenzangu wakaanza kuniita Profesa, nami nikaitika.

Wa kumi na moja ni fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, mjane, mtu wa heshima zake. Siku ya kukirudisha alisimama kaunta macho mekundu.

"Profesa, umenifanya nini? Nimelia mpaka nimelowesha kola ya mteja!"

"Pole, dada," nikasema. "Ndiyo kazi ya fasihi hiyo."

Sasa kila Alhamisi anakuja kuniuliza asome nini, nami nampa kwa kuangalia majalada, na siku hizi kila Jumatano jioni nanyoa ndevu, mpaka mama yangu ameniuliza kama nimepandishwa cheo.

Juzi bosi katangaza kwamba Jumamosi mimi na fundi tutakaa mbele ya wasomaji tuuzungumzie ule mwisho, nikakimbilia kitabu, nikaenda moja kwa moja ukurasa wa mwisho, nikakuta mwanamke analiweka sanduku chini, basi, halafu vipande vya karatasi zilizochanika. Nikafungua daftari la ukarabati, nikasoma: "Kurasa sita za mwisho hazipo." Mwandiko ni wangu, wa miaka minne iliyopita. Niliandika, nikakirudisha rafuni.

Sasa, mshauri, fundi alilia nini? Mwisho haupo! Mwanamke ambaye kwa ajili yake nanyoa ndevu amenidanganya mchana kweupe, na nimeumia, maana mimi nilidanganya kwa kadi tu, yeye kadanganya kwa machozi. Nimuumbue Jumamosi, nimuulize faragha, au niugue?

Wako, Profesa wa Gundi

JIBU

Profesa, pole kwa maumivu. Sasa kaa chini nikuambie.

Kuugua usijisumbue, umeshaugua. Kadi uliiandika hujasoma hata ukurasa mmoja. Hukumu ya fundi umeitoa ukiwa umesoma mmoja. Hayo ni maendeleo, lakini ni madogo mno kwa mtu anayelipwa kukaa na vitabu kutwa nzima. Na wale kumi waliomtangulia, mbona hakuna hata mmoja aliyekuja kulalamika kwamba kauziwa hadithi isiyo na mkia? Hilo halikukugutusha?

Mama wa watu anakuja kila Alhamisi, unampa majalada, anarudi tena. Mwanaume mwingine angejiuliza anarudia nini. Wewe unahesabu kurasa.

Fanya hivi. Leo ukitoka kazini beba kitabu hicho nyumbani, anza ukurasa wa kwanza, usiruke. Alhamisi, kabla hajaingia, bandua kadi yako. Akifika usizunguke, mwambie: "Dada, nilikisifia kabla ya kukisoma. Sasa nimekisoma." Machozi yake usiyataje, hayakuhusu. Akicheka, muombe akuchagulie yeye kitabu cha kupendekeza mwezi ujao. Akinuna, ngoja Alhamisi nyingine, na ndevu uendelee kunyoa. Jumamosi mwache azungumze yeye. Wewe panga viti.

Kuhusu kurasa zako sita: jina la kitabu uliloandika pembeni mwa barua nimelipeleka maktaba ya mtaani kwangu, na nakala nzima iko hapa mezani. Hadithi inaishia palepale sanduku linapowekwa chini. Kurasa sita zinazofuata ni orodha ya vitabu vingine vya mchapishaji huyo, pamoja na anwani yake ya posta.