Kamba ya Kiunoni mwa Mama

Dada Ivonilde,

Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo. Kazi ya kukata miwa bado haijaisha.

Hukuijibu barua yangu iliyopita, na nilistahili. Niliandika kwamba mama kazikwa bila binti yake kwa sababu binti alikuwa studio akipakwa poda. Nikasema usiniite tena mdogo wako. Ulisema wakubwa wa studio walikunyima ruhusa, sikuamini.

Jana bwaloni tulikuwa tunatazama tamthilia yako. Ikafika siku ya kumzika yule mama tajiri ambaye wewe unaigiza binti yake. Ukainama ukamfunga kamba kiunoni, mafundo matatu, kama tunavyowafunga wafu kwetu. Valdeci, mkata miwa mwenzangu, akaangua kicheko, maharage mdomoni.

“Weee! Tajiri wa Rio anafungwa kamba ya Mtakatifu Fransisko kama bibi yangu maskini wa kijijini Piauí? Dada yako kachemka, bwana!”

Sikucheka. Uliwahi kuniambia mnarekodi wiki tano kabla ya kuonyesha. Nikahesabu nyuma kwa vidole, nikaifikia siku ile ile ya maziko. Kule nyumbani Shangazi Zulmira alikuwa anamfunga mama kamba, kazi ya binti, na wewe ukaifanya mbele ya kamera, kwenye kiuno cha mwanamke aliye hai.

Nilimwambia Valdeci afunge mdomo.

Nisamehe, Dada. Hata mimi sikwenda kumzika. Siku ile nilikata miwa mpaka jioni, kisha nikala, nikalala.

Mdogo wako, ukikubali,
Adeílson