Kikohozi cha Opoku

Serwaa,

Nimempeleka kasuku wetu Opoku kwa daktari wa mifugo, nimembeba kwenye kikapu. Supu ya karanga iko jikoni, ipashe moto. Mwenzake Dufie aliyebaki tunduni mpe papai. Asiguse parachichi, litamuua.

Asubuhi Opoku alikohoa, nikacheka kama kawaida: “Haya, mwigize marehemu!” Kumbe hakuwa anamwigiza baba yako. Alianguka chini, mdomo wazi, akitafuta pumzi. Miezi miwili mtoto wa watu anaumwa, sisi tunamshangilia. Wewe ulisema tumpeleke, nikakwambia unajitia udaktari. Nisamehe.

~~Bibi yako asijue.~~ Mwambie bibi yako, ila taratibu. Kwake kikohozi kile kilikuwa mwanawe.

Nikirudi na kikapu kitupu, usiniulize kitu. Nifungulie mlango tu.

Mama