Kwa Emrys Prydderch, Aliyeipaka Saruji Hendre Wen

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu uanguke kutoka kwenye ngazi ukiwa na mwiko mkononi, ukiziba ufa wa ukuta kwa saruji. Ngazi yenyewe ulikataa tukushikie.

Majirani bado wanakusifu. Wanasema ulikuwa radhi kuzama kwenye theluji hadi kiunoni kumtoa kondoo wa mtu mwingine, na kwamba kanisani sauti yako nzito ndiyo iliyobeba wimbo wote. Ni kweli. Sisi tulikupata ukisharudi nyumbani umechoshwa na wema huo.

Nyumba yetu Hendre Wen uliipenda, hilo hatukunyimi. Kila mgeni ulimwonyesha magogo ya mwaloni yaliyopinda, yanayoinuka mawili mawili kutoka sakafuni hadi kukutana juu chini ya paa, ukamwambia yalisimamishwa miaka mia tano iliyopita. Ukampitisha kwenye ujia wa katikati: upande wa juu watu na moto wao, upande wa chini ng'ombe, wote chini ya paa moja. Kuta zilikuwa nene, za mawe na udongo, na kila Mei zilipakwa chokaa mpya. Hiyo ilikuwa kazi ya Mama na sisi watoto wako.

Kisha ukachoshwa na ndoo za chokaa. Ulisema saruji hupakwa mara moja, basi. Mzee Ithel, fundi mawe, alikuja kukusihi.

"Ukuta huu unapumua, Emrys. Ukiuziba, maji yatabaki ndani."

"Kuta hazina mapafu, mzee. Nenda kapumzike."

Tulicheka pamoja nawe. Kati yetu, Mererid alikoroga saruji, Tudur akabeba ndoo.

Upande wa ng'ombe hukuufikia. Saruji iliisha, ukasema ng'ombe hawajali urembo. Majira ya baridi ya kwanza, kuta za chumba chenu zilianza kutoa jasho. Ya pili, shuka za Mama zikaota ukungu. Wewe ulikuwa na usingizi wa gogo na kifua cha farasi. Mama alikohoa miaka minane, nawe ukimwambia anakohoa ili asiende kukamua.

Siku moja alikuomba mbele yetu, huku akigeuza mikate kwenye bamba la chuma.

"Emrys, nihamishieni kitanda kule chini kwa ng'ombe. Kule kukavu."

"Na ng'ombe walale wapi, Nest? Ubavuni mwangu?"

Alitabasamu kidogo, maana alikuzoea, akaendelea na mikate yake. Alifariki Februari. Kwenye mazishi uliwaambia watu kwamba kwao wote wana mapafu mabovu.

Wiki moja baada ya kukuzika wewe, tulichukua nyundo. Saruji ilibanduka mabamba mabamba, na nyuma yake maji yalikuwa yakichuruzika. Gogo la chumbani lilikuwa limeoza chini. Tudur aliingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Seremala alikata palipooza akaunga mwaloni mpya. Tukapaka chokaa. Kufikia mwisho wa kiangazi chumba cha Mama kilikuwa kikavu kabisa.

Kiangazi kimoja tu, Baba. Watu wawili na nyundo mbili. Miaka yote ile minane tulikuwa watu wazima, na nyundo zilikuwa ghalani. Tulikuogopa wewe kuliko tulivyokiogopa kikohozi cha Mama. Hilo hatuwezi kulisamehe, na wala hatujui tukusamehe wewe au tujisamehe sisi.

Unakumbukwa na wanao Mererid na Tudur, mkweo Lowri, dada yako Gwladys, asiyekubali hata neno moja la tangazo hili la kumbukumbu, na mjukuu wako Macsen, anayelala sasa katika chumba cha bibi yake na hajui kukohoa.

Tutakukumbuka daima. Tumejaribu kukusahau, tumeshindwa.