Bwana Katikati Yuko Shamba

Chiola,
S.L.P. 14,
Nachingwea.
3 Novemba 1986

Mpendwa Kaka Saadi,

Shikamoo. Habari za Korogwe na za huko kwenye mkonge? Kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kila baridi kimepona? Sisi huku hatujambo. Mama anaamka na goti lake, analilaani kidogo, kisha anakwenda zake kisimani. Bibie wangu mchanga, ambaye hujamwona, ameshaota meno na anauma kila mtu.

Unamkumbuka Bwana Stefano, yule mtu wa takwimu aliyekuja mwaka wa sabini na sita? Amerudi! Mvi kichwani, ila kicheko ni kilekile. Serikali inataka kujua kama mapato ya watu wa vijijini yamepanda au yameshuka katika miaka hii kumi.

Nilipomwona nilikumbuka ule mkutano wa kijiji. Alipanga watu mstari, kuanzia mfupi mpaka mrefu, akawaacha wa mwanzo na wa mwisho, akakushika bega wewe uliyekuwa katikati kabisa. Akasema na mapato atayapanga hivyohivyo. Hatachukua ya Mbaruku mwenye duka wala ya Bibi Mwanaima asiye na kitu. Atachukua ya kaya iliyosimama katikati, ndiyo itakayoonyesha tunavyoishi. Tangu siku ile watoto wakakuita Bwana Katikati, nawe ukanuna wiki nzima.

Siku zile zilikuwa tamu, kaka. Mashati yenu yote yalikuwa na madoa ya mabibo, na mama akawa anafua huku akiapa kuwa mwaka ujao mtaokota korosho vifua wazi. Baba, Mungu amrehemu, alinunua baiskeli kwa pesa za msimu mmoja tu, akaisukuma kwa mkono kutoka Nachingwea kwa sababu hakujua kuipanda. Nikikumbuka nacheka peke yangu, halafu machozi yananitoka.

Sasa kule mahame, kwenye mashamba ya zamani tuliyoyaacha tulipohamishiwa kijijini, pori limefika mpaka kwenye mikorosho. Maua yanashikwa na ugonjwa wa unga mweupe na kukauka. Gunia tatu zikijaa tunashukuru. Bwana Stefano alimwuliza mama tumeuza kwa kiasi gani, na ukitazama shilingi tu, eti tumepata zaidi kuliko enzi za baba! Mama alimjia juu. Akamwuliza kama huko mjini kwao sabuni bado ni bei ya zamani. Bwana Stefano akasema ndiyo maana bei za vitu anaziuliza pia, tena ndilo swali lililokuwa linafuata. Mama akapoa kidogo.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Kwa watu wa takwimu, kaya ni wale wanaokula chungu kimoja. Aliyehama haandikwi. Bwana Stefano akauliza, "Mama, hapa mnakula wangapi?" Mama akajibu bila kupepesa macho, "Mimi, Mwamina, mtoto wake, na Saadi."

Nilikuwa natwanga, mchi ukanikwama mkononi.

"Saadi yuko wapi?"

"Yuko shamba. Kaenda kuokota korosho."

Bwana Stefano hakushuku kitu, maana msimu huu nusu ya kijiji wanalala mahame. Akasema vizuri, mwezi wa kumi na mbili atapita tena, kwa kuwa kila mtu mzima lazima aulizwe mwenyewe amepata nini.

Alipoondoka nilimvaa mama. Nilidhani uzee umeanza kumchezea. Wapi! Akanitazama akasema, "Nikisema hayupo, watamwandika kahama. Mimi sijamwona akihama, mwanangu. Aliniaga anakwenda kutafuta kazi." Kisha akaendelea kupepeta.

Kaka, ni miaka sita. Sikulaumu, najua mshahara wa mkonge na nauli ya kutoka huko. Hata pesa sikuombi. Lakini Bwana Stefano atakuja. Usipokuwepo, mimi ndiye nitakayesimama mlangoni kumwambia kuwa mama yetu alidanganya, na mama atakuwa nyuma yangu ananisikia. Naogopa siku hiyo kuliko njaa. Njoo ujibu mwenyewe, hata kama jibu lako ni kwamba hukupata kitu.

Mjomba Awadhi wa Malolo anakusalimu sana, anasema ukija umletee kamba ya mkonge ya kumfungia mbuzi wake mtoro. Shangazi Mwanakheri naye anakusalimu, pamoja na Halfani, rafiki yako wa kuokota naye korosho. Wasalimie wote mnaoishi nao kambini.

Mungu akufungulie njia, akufikishe ukiwa mzima, nasi utukute wazima.

Mdogo wako wa chungu kimoja, akupendaye,
Mwamina

Nimesahau: nilimsomea mama barua hii, akasema nimekuchosha kwa maneno mengi. Yeye alitaka nikuandikie hili tu, kwamba korosho zimeanza kudondoka.