Karibu ya Tatu

Mtoni Kijichi,
Dar es Salaam.
Jumapili, alasiri.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla sijafika popote, niambie goti linaendeleaje, na usinijibu "halijambo" kama unavyomjibu daktari. Mdogo wangu Rukia ameniambia ulikwenda maulidini kwa miguu ukarudi kwa bodaboda, umekaa upande kama bibi harusi. Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Kikohozi cha vumbi kimepungua tangu walipotuwekea mapazia mazito ofisini, ingawa malori ya Kurasini hayajapungua. Yanapita na makontena yao tangu asubuhi, na kila linapopita zito, rafu zangu za nyaraka zinatikisika kidogo.

Utajiuliza kwa nini nimeandika barua na simu ipo. Simu yako, mama, unaiweka spika. Nikikueleza jambo, Bi Mwanakheri wa nyumba ya pili ananijibu kabla yako. Hili sitaki anijibu yeye. Shemeji Halima anapanda basi la Kilwa kesho kwenda harusini kwao, kwa hiyo nimempa bahasha hii pamoja na doti ya kanga na dawa yako ya kuchua. Nimeandika kwa herufi kubwa. Vaa miwani, na usimwite mtu akusomee.

Kila tukizungumza unaniuliza kama nimepata yale masomo ya kutibu vitabu, na kila mara nakujibu "bado". Ukweli ni kwamba yalikuja, mama. Yalikuja mpaka mlangoni kwangu, yakaenda na mtu mwingine. Ninajuta, na majuto haya yamenikaa kifuani muda mrefu bila kumwambia mtu, ndiyo maana leo nimeamua kukuandikia wewe.

Unajua kazi yetu sisi watu wa maktaba na nyaraka. Ukishaajiriwa, nafasi ya kujiendeleza ni ya kusikia kwa wenzio. Semina za siku moja zipo. Mnakaa ukumbini, mnapewa begi la kitambaa na kalamu, mgeni rasmi anachelewa, mnapiga picha, mnarudi na cheti. Vyeti vya namna hiyo ninavyo vya kutosha kufunika ukuta mzima wa chumba changu. Lakini mtu wa kukushika mkono akuonyeshe ukurasa ulioliwa na mchwa unarudishwaje, huyo hakuwahi kuja. Kila mwaka tukiulizwa tunataka kusomea nini, mimi naandika hilo hilo, ukarabati wa karatasi kuukuu. Wenzangu ofisini wamenibandika jina, wananiita Daktari wa Mchwa.

Nawe unajua nilianzia wapi. Nilianzia kwenye sanduku la marehemu baba. Vile vitabu vyake vya darsani, na yale makaratasi aliyokuwa akiandika kwa mkono wake kwa herufi za Kiarabu, maneno ya Kiswahili, habari za watu wa Kivinje na nani alimzaa nani. Nilikuwa binti mdogo nikiviona vinamomonyoka kila masika, wewe unavitoa unavianika juani kwenye mkeka, unavirudisha, unafunga kufuli. Nilikuahidi nitajifunza kuviponya. Sikuahidi kwa utani.

Basi asubuhi moja bosi wetu, Madamu Sekela, aliniita ofisini kwake. Ni mtu wa Mbeya, mama wa makamo, maneno yake machache na hana mizunguko. Tulikuwa kwenye chai, nikaingia na kikombe mkononi. Akaniambia kuna chuo cha nje kimetoa nafasi ya mtu mmoja katika taasisi yetu, miezi kadhaa, kusomea ukarabati wa nyaraka, tiketi na malazi juu yao.

"Nimekufikiria wewe, Mwanaidi," akasema. "Unaonaje?"

Mama, moyo ulikuwa umeshafunga begi na kufika uwanja wa ndege. Lakini mdomo ulikuwa wako. Nikasema, "Nashukuru sana, madamu. Ila mie bado mdogo hapa, wapo walionitangulia. Labda waanze wao."

Akanitazama. "Una uhakika?"

Nikaona mambo yanakwenda vizuri, hiyo ni ya pili. Nikainamisha kichwa nikasema, "Nawaachia wakubwa zangu, madamu."

Nikasimama pale na kikombe changu, nangoja ya tatu.

Unakumbuka siku ile kwa Bi Mwanakheri, tulipowakuta wanakula, akasema karibuni, nami nikakaa kwenye sinia moja kwa moja? Ulinifinya paja mpaka nikasahau njaa. Njiani ukanifundisha: "Ukikaribishwa mara ya kwanza, shukuru. Ya pili, shukuru. Ya tatu, nawa mikono." Tangu siku hiyo sijawahi kukosea. Kwetu hakuna aliyewahi kulala na njaa kwa utaratibu huo, kwa sababu kila mwenye nyumba anajua zamu yake. Mgeni anakataa, mwenyeji anang'ang'ania, na wote wawili wanajua chakula kitaliwa.

Madamu Sekela hakujua kama ana zamu. Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Sawa. Nakuheshimu kwa hilo." Akanyanyua simu ya mezani akamwita Gaspari, mwenzangu wa ofisini. Gaspari akaja na chapati mkononi. Akaulizwa swali lile lile nililoulizwa mimi.

"Naenda," akasema. Hata tonge lilikuwa halijashuka.

Nilirudi mezani kwangu nikakaa kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Nikajiambia labda ataniita tena mchana. Hakuniita. Kesho yake nilisimama nje ya mlango wake mpaka katibu muhtasi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nilipoingia, jina la Gaspari lilikuwa limeshakwenda.

"Kumbe ulikuwa unataka?" Madamu akaniuliza.

"Nilikuwa nataka, madamu."

"Sasa mbona ulikataa?"

"Sikukataa. Nilidhani utanikaribisha tena."

Akavua miwani. Hakukasirika, mama, na afadhali angekasirika. "Mwanaidi, nilikuuliza mara mbili. Mie kwetu mtu akisema hapana, nikimlazimisha nitakuwa namvunjia heshima. Ningejuaje?"

Angejuaje kweli? Nimefanya kazi naye miaka yote hii, nimekunywa chai naye, na sikuwahi kujiuliza kama kwao wanakaribishana namna gani.

Siku za mwanzo nilikulaumu wewe. Nisamehe. Nilikuwa nikitembea kutoka kituoni kuja nyumbani huku nagombana na wewe moyoni, nakuambia angalia sasa, heshima yako imenifikisha wapi. Baadaye nikachoka kugombana na mtu ambaye hayupo kujitetea. Ulinifundisha kuishi na watu wa kwetu, na ulinifundisha vizuri. Ni mimi niliyeichukua karibu ya Kivinje nikaipeleka ofisini Kurasini.

Gaspari si mtu mbaya, usije ukamwombea dua mbaya. Kule alisoma kwa bidii na picha alikuwa akinitumia. Nami kwa kujikaza nikajiandikisha kozi ya bure ya mtandaoni, nikawa naifuata kwenye simu. Mwalimu anashika brashi, anaikaribia karatasi, picha inaganda. Ikirudi, ukurasa umeshapona na mwalimu anawaaga. Nimecheka, halafu sikucheka tena.

Aliporudi nikasema haidhuru, tutakaa pamoja, atanifundisha taratibu. Hakumaliza hata kufungua mizigo. Makao makuu Dodoma walimwona ana cheti kipya, wakamhamishia kwao kusimamia kompyuta. Kompyuta, mama. Ile mikono iliyokwenda kusomeshwa kuponya karatasi, leo inabonyeza vitufe, na kule Kurasini majalada yanaendelea kulika.

Kabla hajaondoka alinipa alasiri moja. Alikuja na brashi laini, pakiti ya karatasi nyembamba kama ngozi ya kitunguu, na wanga wa ngano. Akakoroga uji mwepesi kwenye jiko letu la chai, akauchuja kwa kitambaa. Tukachukua ukurasa mmoja uliokuwa na matundu, akanionyesha, kisha akanipa brashi.

"Mkono wako mwepesi kuliko wangu," akasema. "Ilibidi uende wewe. Kwa nini ulikataa?"

"Sikukataa, Gaspari."

"Ulikataa bwana. Madamu mwenyewe aliniambia, Mwanaidi amesema hataki."

Nikaacha. Ukurasa ulipokauka niliupitishia kidole, na pale palipokuwa na tundu pakawa pazima. Nilikwenda chooni nikalia. Si kwa ajili ya safari wala ndege. Ni kwa sababu sasa nimejua kwamba kazi ile ninaiweza, na nilichojifunza, kwa maneno ya Gaspari mwenyewe, ni mambo ya wiki ya kwanza tu. Yaliyobaki ameondoka nayo. Madamu anasema nafasi nyingine ikija atanikumbuka, lakini hajui itakuja lini, na yeye anakaribia kustaafu.

Hayo machache niliyoyapata nakupa. Vitabu vya baba usivianike tena juani, mama. Jua linaikausha karatasi mpaka inavunjika. Vipunge upepo ndani, kivulini. Na ile selotepu uliyobandika kwenye kitabu cha darsa, usibandike nyingine, wala usijaribu kuibandua, utaondoka na maandishi. Iache kama ilivyo mpaka mimi niione. Karafuu unazoweka pembeni ziache, hazina ubaya.

Nisalimie Rukia na mumewe, na umwambie Rukia safari yao ya kuhamia Lindi nimeisikia, nawaombea heri. Nisalimie shangazi yangu muuza vitumbua, mwambie Dar nzima sijapata kitumbua kinachofanana na chake. Mjomba, fundi wetu wa makubazi, mwambie yale aliyonishonea bado nayavaa. Mwalimu wa madrasa aliyepokea nafasi ya baba, mpe salamu za heshima. Na Bi Mwanakheri, msalimie kwa sauti ili asisumbuke kusogea.

Hapo nilikuwa nimeshaweka sahihi na kukunja karatasi. Nimeikunjua tena, kwa sababu lipo jambo limekuwa likinizunguka tangu nianze kuandika, na nimelizunguka mimi pia.

Mama, baada ya Idi nilikupigia simu nikakuambia njoo ukae na mimi Dar. Ulisema, "Mie? Nije nifanye nini huko? Hapa nipo sawa. Na sanduku la baba yako nani ataliangalia?" Nami nikakujibu, "Haya mama, kama umeamua." Nikakuaga. Nikasema moyoni, mama ni mtu wa kwao, hataki mji, nisimsumbue.

Wiki iliyopita Rukia alikuwa ananisimulia vituko vyako, na katika kucheka akaniambia kwamba siku ile baada ya mimi kukata simu, ulikaa nayo kiganjani, ukawa unaitazama. Kisha ukamuuliza, "Imekatika?" Akakuambia, hapana, dada ameaga. Ukasema, "Aa, nilidhani imekatika." Ukainuka ukaenda kufagia ua uliokuwa umeshafagiwa asubuhi.

Rukia alicheka. Mimi nilishindwa kucheka, mama, kwa sababu nilijua ulikuwa umekaa vile ukingoja nini. Na Rukia naye anakwenda Lindi. Utabaki na nani kwenye nyumba ile?

Njoo, mama. Chumba cha pili kipo, dirisha lake halina jua la mchana, nilikipima mwenyewe kwa ajili ya sanduku. Njoo nalo. Brashi ninayo, na karatasi alizoniachia Gaspari zinatosha kuanza. Utakaa kando yangu unisomee maandishi ya baba pale ninaposhindwa, nami nitaziba matundu kwa kadiri ya wiki yangu moja ya ujuzi. Hiyo ndiyo karibu ya pili, na najua utashukuru. Ya tatu sitaitia kwenye barua wala kwenye spika. Mwisho wa mwezi huu nimeomba likizo, ninakuja Kivinje kuisema mwenyewe mlangoni.

Nikifika, nikukute umeshanawa mikono.

Mwanao,
Mwanaidi