Kwa Baba Tajudini, Mwenye Masinia wa Bwiza

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Juni 1998 ulipotuacha, chai yako ikiwa haijapoa na kijiko kikiwa bado ndani ya kikombe. Sukari imerudi madukani. Tunaanza na hiyo kwa sababu tunakujua, ungetuuliza habari ya sukari kabla ya kutuuliza hali zetu.

Wakati wa vikwazo vya biashara, sukari ilipokuwa ya kusimuliwa tu, uliendelea kuweka kijiko ndani ya kila kikombe pale restora. Wateja wakakuuliza wakoroge nini. Ukawaambia wakoroge tu, mkono usisahau kazi yake.

Ulikuwa mume mwema, baba mwema na jirani ambaye watu waligonga mlango wake kwanza, kwa msiba na kwa harusi. Ulikuwa pia muongo. Tuseme ukweli, maana nusu ya wanaosoma hapa umewahi kuwadanganya.

Wenzetu wa Buterere wanajua. Kila Ijumaa Epiphanie, mpishi wetu, alijaza sufuria moja ya wali na nyingine ya maharage, ukazifunga nyuma ya baiskeli, ukawapelekea waliokuwa wamekimbia makwao. Ukawaambia ni makombo tu, restora ilibakiza, wakusaidie yasioze. Bibi mmoja akakuuliza mbona makombo yanatoa mvuke. Ukamjibu kwamba Bwiza kuna joto.

Lakini ule uongo wako mkubwa tumeujua mwezi uliopita, na ndiyo sababu kumbukumbu hii imekuwa ndefu. Vumilia kidogo, Baba, tuwaeleze wasioijua restora yetu ya mtaa wa Bwiza, Bujumbura.

Tangu mwisho wa mwaka 1993, vita vilipoanza, watu walikuwa wameanza kula vibaya. Chakula kilikuwa kilekile. Namna ya kukaa ndiyo iliharibika. Kila mtu alichukua sahani yake akatafuta ukuta wa kuegemeza mgongo, macho mlangoni, na restora ina kuta nne tu. Meza za katikati zikabaki na nzi. Waliokosa ukuta waliondoka bila kula. Mama alikuambia kwamba tukiendelea hivyo tutafunga, na watoto hawatasoma.

Sahani zenyewe zilikuwa za Mama. Nyeupe, zenye ukingo wa bluu, alizinunua kwenye maduka ya mtaa wa Asiatique mwaka mliofungua restora, akazileta kwa miguu, katoni kichwani, kwa sababu hakumwamini dereva yeyote. Hata wageni wa heshima hawakuruhusiwa kuzigonga kwa kijiko.

Mwaka 1995 Bwiza ilipowaka, tulivuka mto Rusizi tukajibanza Uvira kwa shangazi. Wewe ulirudi kabla yetu kuangalia kama restora bado ina paa. Tulipokufuata tulikuta paa, sufuria, redio, hata saa ya ukutani. Sahani hazikuwepo. Shuka moja la kijani halikuwepo pia.

"Mwizi gani huyu anaacha redio, anabeba sahani na shuka moja?" Mama alikuuliza.

"Mwizi mwenye wageni," ukamjibu.

Wiki hiyohiyo ulileta masinia, makubwa kama magurudumu ya lori, ukayaweka kwenye meza za katikati. Wa kwanza kupata tabu alikuwa Népomuscène, fundi saa, ambaye kona yake ilijulikana kuliko ya mbunge. Alinawa, akasimama na mikono ikidondoka maji, akitafuta sahani. Ukamketisha karibu na Mirindi, muuza vitenge kutoka Kongo, mtu ambaye hakuwahi kumsalimia. Akakataa. Akakuambia umpe hata kifuniko cha sufuria.

"Népo, sahani zimeibwa," ulimwambia. "Ukimwona mwizi, mwambie azirudishe, ya kwanza nitakupa wewe."

Na kwa vile siku zile watu wa mji huu waliogopa sumu karibu sawa na risasi, ulinyoosha mkono, ukasema bismillahi, ukala tonge la kwanza wewe mwenyewe. Sinia lile, na la pili, na yote yaliyofuata mpaka mwisho wa maisha yako. Ulinenepa, Baba. Kanzu zako zilikuwa zikilalamika mabegani, na ulipoambiwa upunguze ulisema unene ule si wako, ni wa wateja.

Basi wakala. Mwanzoni kimya, kila mtu akichimba upande wake kama anachimba mpaka wa shamba. Halafu wakaanza kugombea ukoko. Halafu wakaanza kutaniana. Siku Mirindi alipochelewa mpakani, Népomuscène aliweka mkono juu ya wali upande wa mwenzake, akamkatalia kila aliyekaribia. Kuta zilibaki tupu, ukazipaka rangi.

Aliyeteseka ni Mama. Kila asubuhi, akisugua masinia uani, alimkumbuka mwizi. Alimwombea mambo mengi, lakini la mwisho lilikuwa moja siku zote, kwamba popote atakapolala asipumzike. Na wewe, ukiwa umesimama mlangoni na mswaki mdomoni, uliitikia, "Amina, Mama Fadhila." Majirani walicheka. Mama alifurahi kwamba angalau mume wake yuko upande wake.

Jambo jingine ambalo wote waliofanya kazi nawe watalikumbuka ni stoo ya makaa. Magunia ya chini hayakuguswa. Ulisema makaa ya chini yana unyevu. Hata wakati wa vikwazo, gunia moja lilipopanda bei mpaka tukapika kwa vipande vya viti, ulinunua jipya badala ya kushusha mkono chini. Mama alikuita bahili wa kila kitu isipokuwa makaa.

Mwezi uliopita Khaled, kifungua mimba wako, alikuwa akisafisha stoo tupate nafasi ya mchele wa khitma yako. Akainua gunia la chini. Likalia.

Tulizitoa moja moja, Baba. Kila sahani ilikuwa imezungushiwa kipande cha shuka la kijani, makaa yamefunikwa juu na chini, kama mtu anayelaza mayai. Hakuna hata moja iliyovunjika. Mama alichukua ya juu, akapitisha kidole kwenye ukingo wa bluu, akacheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi, na sisi tukacheka, na Epiphanie jikoni akacheka bila kujua kwa nini.

Halafu Mama akaiweka sahani mapajani.

"Nimemlaani mume wangu," akasema. "Kila asubuhi."

Hatukumwelewa upesi. Alituambia kwamba kama maneno yake yalifika, basi mwaka mzima huu hujapumzika, na ni yeye aliyeomba iwe hivyo. Fadhila akataka kumfariji, akamkumbusha kwamba wewe mwenyewe uliitikia amina. Mama akasema basi ndiyo mbaya zaidi, maana mwenye kulaaniwa aligonga muhuri. Tangu siku hiyo hakula vizuri. Aliacha kuimba. Masinia aliyasugua kimya, na uani kwetu kimya cha namna hiyo hatukukizoea.

Tulimpeleka kwa shehe. Alisimulia yote tangu katoni ya Asiatique. Shehe aliinamisha kichwa muda mrefu tukadhani anaomba, mpaka tulipoona mabega yanatikisika. Naye alikula kwenye yale masinia, kumbe. Alipojipangusa macho alimwambia jambo moja tu. Alilaani kwa sauti mbele ya watu, basi asamehe kwa sauti mbele ya watu.

Ijumaa iliyopita tulikusomea khitma pale restora. Mama aliamka mapema akaosha sahani zote, akazipanga juu ya meza, akasema leo kila mgeni atakula kwenye sahani yake, moyo wake unataka kuziona zikitumika. Wageni walifika, wakasoma, wakaomba. Wakristo walikaa nje mpaka dua ikaisha, halafu wakaingia kunawa. Wote wakasimama mbele ya zile sahani, mikono ikidondoka maji. Népomuscène akainua moja, akaigeuza, akaisifu sana. Akaibeba mpaka jikoni akamkabidhi Epiphanie.

"Mi hii nimeshasahau namna yake, mama," akamwambia Mama. "Tuletee sinia."

Akaenda kukaa katikati, Mirindi akamsogezea nafasi. Tukaleta masinia. Mikono yote ikabaki hewani. Ilikuwa wazi wanamngoja wa kuonja. Mama ndiye aliyenyoosha mkono, akapita sinia baada ya sinia, tonge kwa tonge, na alipomaliza hakurudi kukaa. Alisimama mlangoni, palepale pako.

"Aliyebeba sahani zangu nimemsamehe," akasema. "Popote alipolala, apumzike."

Hapo ndipo tulipojua umeondoka kweli, Baba. Tangu ulipotuacha hakuwa amemtaja mwizi tena uani, na kabla ya hapo hatukuwahi kusikia neno lake la asubuhi likikosa wa kuliitikia. Tukatazamana, sisi watoto. Mama alishika mwimo wa mlango, akingoja.

"Amina, Mama Fadhila," akaitikia Népomuscène, tonge mkononi.

Ndipo restora nzima ikaitika, na waliokuwa barabarani wakaitika pia bila kujua wanaitikia nini. Jioni hiyo Mama alikula. Asubuhi yake alisugua masinia akiimba ule wimbo wake mmoja, vibaya kama kawaida.

Sahani amezirudisha mwenyewe, kila moja kwenye kipande chake cha shuka. Mtu akiuliza, tunamwambia asiguse. Makaa ya chini, unajua, yana unyevu.

Wanaokukumbuka ni mke wako Saliha, Mama Fadhila. Watoto wako Khaled, Fadhila, Seifu na Adija. Mdogo wako Hamimu na familia yake. Shangazi wa Uvira. Epiphanie wa jikoni. Ndugu zetu wa Buterere ambao bado wanapata makombo yenye mvuke. Na wateja wote wa katikati.

Pumzika, Baba. Kila sinia litakapotua mezani, tutakukumbuka.