Bega la Twiga

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya kwanza kambini. Nimepangwa chumba kimoja na Twiga, kama kawaida. Miaka kumi na moja sasa tunacheza mpira wa meza pamoja, wawili dhidi ya wawili, na miaka kumi na moja nasikia akikoroma. Mwenyewe mrefu, na mkoromo wake mrefu. Mimi ananiita Kifupi. Sijui kwa nini! (Najua.)

Chumba kinanuka gundi. Tumebandika raba mpya kwenye raketi zetu tukaziweka dirishani zikauke.

Mama kapiga simu. Swali ni lile lile: hivi kweli, mtu mzima wa miaka thelathini na mitatu, unaamka alfajiri kwenda kupiga kimpira kama yai? Nikamwambia yai ukilipiga halirudi, Mama. Kacheka mpaka simu ikamponyoka.

Jumanne, 5 Machi

Bomu!

Baada ya mazoezi kocha kapanda juu ya benchi kutuhutubia, utadhani tuko mia. Tuko saba. Timu ya taifa inayokwenda mashindano ya bara ina nafasi tatu za wanawake. Mbili zimeshachukuliwa na mabinti wa miaka ishirini wenye magoti kama ya panzi. Ya tatu itagombaniwa Ijumaa mezani, seti tano. Mimi na Twiga.

Atakayeshinda anapanda ndege. Atakayeshindwa… hapo kocha akakohoa. Hakuna haja ya kumalizia. Klabu gani itamwongezea mkataba mtu wa umri wetu asiye kwenye timu ya taifa?

Nikawa natazama viatu vyangu. Twiga ndiye aliyeanza: eti atanifunga mpaka nimwite mama yangu. Nikamjibu mama yangu anakuja Ijumaa, na anakuja kumshangilia yeye. Wala si utani. Mama anampenda yule kuliko mimi.

Jumatano, 6 Machi

Kuna kitu hakiko sawa.

Asubuhi Twiga kaniomba nimshushie begi lake juu ya kabati. Twiga! Mtu anayebadilisha balbu bila kupanda kiti! Nikapanda kiti mimi, nikanyoosha vidole, nikaliangusha kichwani kwangu. Hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa.

Mchana nimemkuta bafuni, kaegemea ukuta, kajikandamizia mfuko wa barafu kwenye bega la kulia. Mkono anaochezea. Kaniambia linamsumbua tangu Desemba, na kwamba nikithubutu kumwambia kocha ataninyonga kwa taulo langu mwenyewe. Nimeapa. Kisha tukakaa sakafuni tukila biskuti zake zote, kama wezi.

Alhamisi, 7 Machi

Sasa najua pa kumpiga. Ndiyo balaa lenyewe. Mipira mirefu, ya juu, kona ya kulia kwake kabisa. Seti mbili tu za hivyo na mkono hautanyanyuka tena.

Kocha kaniuliza mpango wangu wa kesho ni upi. Nikasema kucheza. Akasema huo si mpango.

Nimempigia Mama. Nikamzungusha weee: kuna mtu fulani, ana rafiki yake, rafiki anaumwa… Mama akauliza, huyo rafiki ni mrefu? Mama huyu! Hakunishauri lolote. Kauliza tu kama nimemuuliza mwenyewe anataka nini.

Sijamuuliza. Yuko hapo kitandani kwake anakata kucha za miguu, anaimba ovyo. Namuulizaje mtu anayeimba?

Ijumaa, 8 Machi

Naandika kwenye benchi, ukumbini. Umeme umekatika katikati ya mechi! Seti mbili kwa mbili. Ya tano, sita kwa sita. Mwanga wa dirishani hautoshi, mpira hauonekani, refa kasema tusubiri. Naandika haraka haraka, mwandiko kama wa kuku.

Sijapiga hata mpira mmoja kulia kwake. Kila kitu kushoto, kushoto, kushoto. Nilidhani najificha vizuri.

Amekuja sasa hivi, taulo shingoni. Kwanza kamgeukia Mama, mstari wa tatu: "Shikamoo, Mama!" Adabu zote. Kisha kanigeukia mimi, macho ya mamba.

"Kifupi. Kulia kwangu kuna msiba?"

Nikajitia sielewi.

"Nilikwambia usimwambie kocha. Nilikwambia unionee huruma?"

"Litakatika hilo bega, mwenzangu."

"Bega la nani?"

"Lako."

"Basi niachie mwenyewe! Nikishinda hivi nitajuaje kama nimeshinda? Utaniambia wewe?"

Akanichapa na taulo begani, kwa nguvu, akaenda zake. Kocha anatutazama huku na huku kama paka. Mama anatupungia sote wawili, mkono huu kwake, mkono huu kwangu.

Sina hasira naye. Nina aibu. Nilijiona mwema kweli kweli!

Taa zinawaka. Moja… mbili… zote. Watu wanapiga makofi. Refa kaninyooshea kidole, zamu yangu kuanzisha. Twiga ameshasimama upande wake. Kasogea kushoto, kasogea tena. Kona yote ya kulia kaiacha wazi, makusudi, kama mlango wa nyumba yenye wageni. Na ananichekea, yule mshenzi!

Refa anasema niweke daftari chini. Sawa, refa, sawa, naweka, nimeshauchukua mpira, nipe tu seku